Mama Blanketi na Daftari la Nne

Jina la Mama Blanketi alibandikwa na wapagazi, naye hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza kibanda cha juu katika hifadhi ya mlima, kibanda cha mbao chenye paa la bati, kilichokaa mahali ambapo miti imekwisha na upepo unaingia bila hodi. Mle ndani kulikuwa na vitanda kumi na sita, majiko mawili ya mafuta ya taa, sufuria saba na mablanketi arobaini. Kwa upande wa sufuria mama huyu alikuwa mtu wa kusamehe. Kwa mablanketi hakuwa na mchezo. Kila asubuhi aliyapitia moja moja kabla mgeni hajafunga mzigo, na mlangoni mwa jiko alipigilia kipande cha ubao alichokiandika kwa mkono wake, herufi zilizolala ubavu, kila "k" na mkia wake: "Blanketi moja kwa mtu mmoja. Ukichukua mbili nitajua."

Mumewe alikuwa askari wa hifadhi, kijana mrefu, mpole, mwenye ulimi wa asali. Walikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa walipopangiwa kibanda hicho pamoja, mke kutunza nyumba, mume kulinda njia ya kwenda kileleni. Askari wenzake walimwonea gere. Wao waliwaona wake zao mara moja kwa miezi mitatu. Yeye wa kwake alikuwa naye pale pale, anamkoromea kuhusu matope ya viatu.

Juu ya kibanda, mwendo wa saa moja na nusu, ndipo kilipo kilele chenyewe: mwamba mtupu uliosimama wima, kimo chake kama cha watu thelathini waliobebana mabegani. Kutembea hapo hakuna tena. Kuna vigingi vya chuma vilivyogongomewa kwenye jiwe, kuna mnyororo wa kushika, na mahali pengine hakuna kitu isipokuwa ufa wa kuingiza vidole. Juu kabisa pana sanduku la chuma, na ndani ya sanduku, daftari. Anayefika huandika jina lake, tarehe, na maneno mawili matatu kama pumzi zimembakia. Daftari likijaa, askari wa njia hiyo hupeleka jipya na kulishusha la zamani.

Walipohamia, walikuta rafuni mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe madaftari mawili ya kwanza, yamesahaulika kabisa. La tatu lilikuwa bado juu. Siku za mvua, wageni wakiwa hawapo, Mama Blanketi alivuta kiti karibu na jiko akayasoma, akayarudia, mpaka akawa anawajua waliopanda mwamba ule kama anavyowajua ndugu wa mumewe. Aliwajua wapima ardhi watatu waliogongomea vigingi wakaufikia kwanza, wakaandika: "Tumefika. Ukungu, hatuoni kitu. Kigingi cha kumi na nne kimepinda." Alimjua daktari aliyerudishwa na upepo mara nne, kila mara akiacha barua ya malalamiko kibandani, na mara ya tano alipofika aliandika neno moja tu: "Basi." Aliwajua ndugu wawili waliopitia upande wa kaskazini kwa kamba ya katani, na kuomba kwa maandishi kwamba yeyote atakayesoma asije akamwambia mama yao. Na aliyempenda kuliko wote alikuwa fundi seremala mmoja aliyepanda amefunga mgongoni stuli aliyoichonga mwenyewe, kusudi akifika akae kama mtu mwenye kwake.

"Huyu ndiye mwanamume," alimwambia mumewe. "Amefikiria mambo yote."

"Na ya kushukia je? Aliishusha stuli?"

"Hakuandika."

Mume akacheka. Wakati huo bado alikuwa mtu wa kupanda. Alikuwa amekwenda mwambani mara mbili kukaza vigingi vya chini, na alingojea kwa hamu siku ya kufika juu. Siku hiyo ilipokuja, alikwenda na askari mwenzake kubadilisha kipande cha mnyororo kilichokuwa kimeliwa na kutu. Walikuwa wamebakiza urefu wa mikono mitatu kufika juu, mguu wake ukateleza. Mnyororo ulimbana kifundo cha mkono, akabaki ananing'inia hapo, miguu hewani, hadi mwenzake alipoweza kumvuta ukosi. Alirudi kibandani na mkono uliovimba na kicheko kingi. Mkewe alikanda mkono, na hicho kicheko hakukipenda.

Mkono ulipona kwa wiki mbili. Kilichobaki kilikuwa kingine. Kila alipokaribia mwamba, jasho lilimtoka. Akiinua uso kutazama juu, dunia ilizunguka. Hakumwambia mtu. Askari asiyeweza kupanda angepelekwa lango la tambarare, siku mbili kwa gari, na kibandani angeletwa mwingine asiye na mke, au mwenye mke asiyependa baridi.

Ndipo, miezi michache baadaye, wapandaji wakashuka na habari kwamba daftari la tatu limejaa, watu wanaandika kwenye jalada. Ofisi ikaleta jipya kwa mpagazi, limefungwa kwa karatasi ya nailoni. Kwa siku nne daftari hilo lilikaa mezani. Mume alilizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Siku ya tano, kabla ya kupambazuka vizuri, Mama Blanketi alivaa suruali ya mumewe, akaikunja mara tatu chini, akavaa koti lake la kazi, akanyoosha mkono.

"Nipe huo mfuko."

"Unakwenda wapi?"

"Kubadilisha daftari. Wewe utanishikia chai."

"Mama, wewe una wazimu. Kuna amri, mfanyakazi wa kibandani haruhusiwi mwambani. Tutafukuzwa wote wawili."

"Na lisipobadilishwa je? Si utafukuzwa peke yako? Mimi nitabaki hapa na nani?"

Hakuwa amepanda mwamba maishani mwake. Alichokuwa nacho ni mambo yote aliyoyasoma: kigingi cha kumi na nne kimepinda, usikiamini, ufa wa katikati ingiza ngumi, si vidole, upepo ukija, tulia mpaka upite. Mumewe alifuatana naye mpaka chini ya mwamba, akakaa kwenye jiwe akiwa ameupa mwamba mgongo, chupa ya chai kifuani, kwa sababu hakuweza kutazama. Kila baada ya muda aliita bila kugeuka:

"Upo?"

"Nipo!"

"Upo?"

"Nipo, acha nipande!"

Karibu na juu kabisa aligundua jambo ambalo hakuna aliyeliandika. Pale mnyororo unapokwisha, mkono wa kulia haukuti kitu. Aliupapasa mwamba mpaka kucha zikauma. Kisha mkono wa kushoto, kama uliokuwa na akili zake wenyewe, ukapita chini ya ukingo, ukageuza kiganja kutazama juu, ukakuta mpasuko mdogo unaoingia vidole vinne barabara. Akajivuta, akafika kwa kifua, akalala kifudifudi pale juu akihema kama mvukuto.

Alipoinuka aliona kila kitu. Aliona bati la kibanda chao likimetameta dogo kama kifungo cha shati, aliona mito miwili ikikimbiliana, aliona mji wa chini na moshi wake, na nyuma ya mji nchi inaendelea tu, haina habari. Alifungua sanduku, akatoa daftari lililojaa, akaweka la nne. Anayefungua daftari jipya hutakiwa kuandika hali ya huko juu. Akaandika tarehe, na chini yake: "Daftari jipya. Penseli mbili. Upepo si mkali." Penseli ilisimama pale pa jina. Akalifunika daftari bila kuandika jina.

Ripoti ilikwenda ofisini na sahihi ya mume. Ikawa hivyo kwa miaka kumi na minane. Mara tano daftari lilijaa, mara tano suruali ilikunjwa, mara tano mume alikaa na chai, ameupa mwamba mgongo. Jioni za siku hizo alimkalisha mkewe karibu na jiko, akamsugua miguu kwa mafuta, akamuuliza kila kitu. Jiwe lilikuwa baridi kiasi gani? Mawingu yalikuwa chini au juu? Ulipokaa, ulitazama wapi kwanza? Naye akamweleza, na mume akasikiliza kama mtoto. Hivyo alipoulizwa na wenzake ofisini alikuwa na majibu, na kwa kuwa alikuwa na ulimi wa asali, majibu yakawa hadithi.

Miaka miwili baada ya ile mara ya kwanza, alifika kibandani mwalimu wa shule, msichana wa miaka ishirini na sita, na wanaume wawili wa chama cha wapandaji. Walikwenda alfajiri, wakarudi mchana. Msichana alikuwa na mikwaruzo mpaka kidevuni, na alimkumbatia Mama Blanketi mlangoni huku akilia kwa furaha.

"Dada, nimefika! Mimi ni mwanamke wa kwanza wa nchi hii kufika pale! Wa kwanza, dada!"

Mama Blanketi alimshika mabega. Neno lilimfika kwenye ulimi. Akawatazama wale wanaume wawili, akamtazama mumewe aliyekuwa anapanga kuni, mgongo umekakamaa. "Hongera, mdogo wangu," alisema. "Hongera sana. Kaa, nikutilie sukari nyingi." Na akampa mablanketi mawili, jambo ambalo halijawahi kutokea kibandani pale.

Kesho yake, wageni walipoondoka, aliosha sufuria kwa kishindo. Mume alisimama mlangoni.

"Zitatoboka hizo."

"Na zitoboke."

Akaja, akashika upande mwingine wa sufuria, wakaisugua pamoja. Ile hasira ilikwisha kabla ya sufuria ya nne. Aliwahi kujiuliza alitaka nini hasa. Picha gazetini? Alipokwisha kujiuliza aliona anachotaka anacho, kiko mikononi mwake pale, kina povu mpaka viwikoni.

Miaka ikapita. Wakastaafu, wakanunua nyumba ya vyumba viwili katika mji ulio chini ya lango la hifadhi. Yeye akaweka cherehani dirishani, akawa anashona foronya na kuziba viraka vya mahema. Mume akapata kiti chake kwa kinyozi wa jirani, si cha kunyolewa, maana nywele zilishakwisha, bali cha kusimulia. Hapo ndipo alipopewa jina la Bwana Kilele. Watoto walimsalimia njiani, "Shikamoo, Bwana Kilele," naye akaitikia "Marahaba," na ukimtazama vizuri ungeona anapepesa macho kidogo.

Yule mwalimu naye alifika mbali. Alikuwa mkuu wa shule, alihutubia wasichana mikoa yote, na kila alipohutubia alianza na mwamba.

Ndipo akaja mhifadhi mkuu mpya, mtu wa mipango. Akaona aibu kwamba hifadhi yenye kilele kile haina hata chumba cha kumbukumbu. Akatoa madaftari yote stoo, akayaweka kwenye makabati ya vioo, akatundika ukutani vigingi vya zamani, kamba ya katani, na kwa utani, kile kipande cha ubao kutoka mlango wa jiko la kibandani. Ukutani kabisa ukawekwa ubao mkubwa wa waliotangulia: wa kwanza kufika, wa kwanza upande wa kaskazini, mwanamke wa kwanza. Uzinduzi ukapangwa Jumamosi, na mwalimu mstaafu akaombwa aje siku chache mapema asome maelezo kama yana makosa.

Jumanne, saa nne asubuhi, Mama Blanketi alikuwa kwenye cherehani aliposikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo yake, miwani imening'inia kwa uzi shingoni, simu mkononi.

"Dada, unanikumbuka?"

"Mwalimu! Karibu, karibu ndani. Nitakusahau vipi? Ulinimalizia sukari."

Wakacheka, wakaketi. Lakini mwalimu hakugusa chai. Aliweka simu mezani, juu yake picha mbili. Moja ilikuwa ya ubao wa jikoni. Ya pili ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari la nne.

"Nilikwenda kutafuta ukurasa wangu," alisema. "Nikafungulia mwanzo. Dada, nimesahihisha madaftari ya watoto miaka thelathini na mitano. Mwandiko mimi siusahau. Hii 'k' na hii 'k' ni za mkono mmoja."

Mama Blanketi alitazama, akakunja kitambaa kilichokuwa mapajani. "Mume wangu mwandiko wake mbaya. Nilimwandikia."

"Ulimwandikia kibandani? Maandishi haya yako juu ya tarehe ya mgeni wa kwanza, kwa penseli ya kwenye sanduku."

"Labda alishuka nalo, nikaandika, akalirudisha."

Mwalimu akavua miwani. Hakuwa na sauti ya kushtaki; alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka njia. "Haya. Niambie kitu kimoja tu. Mnyororo ukishakwisha, kabla ya kufika juu, unashika wapi?"

Mdomo wa Mama Blanketi ulikuwa unatafuta jibu la kukwepa. Lakini mkono wake wa kushoto ulikwisha kuinuka wenyewe kutoka mapajani. Ukapita chini ya ukingo wa meza, ukageuza kiganja juu, vidole vinne vimebanana.

Wote wawili wakautazama mkono huo. Kisha mwalimu naye akainua wake wa kushoto, akaupitisha chini ya meza vile vile. Wakabaki hivyo, kama watu wawili wanaotaka kuibeba meza, na Mama Blanketi akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikawa machozi.

"Miaka thelathini na minane," alisema mwalimu, "nasimama mbele za watoto nasema mimi wa kwanza."

"Hukusema uongo. Hukujua."

"Sasa najua. Jumamosi nitasimamaje pale?"

"Mdogo wangu, nakuomba. Nyamaza. Mimi sina haja na ubao. Lakini mume wangu, mji mzima unamwita Bwana Kilele. Ukilitaja langu, lake linaanguka."

Kabla mwalimu hajajibu, mlango ukafunguliwa, Bwana Kilele akaingia na mkate kwapani. Alipomwona mgeni alifurahi kupita kiasi, akavuta kiti, na kabla hajaulizwa kitu akaanza. Akasimulia jinsi jiwe la juu linavyokuwa baridi hata jua likiwaka. Akasimulia bati la kibanda lilivyo dogo kama kifungo cha shati. "Na hapo mwisho, mwalimu, wewe mwenyewe unapajua, mkono wa kulia haufai! Ni wa kushoto, chini chini, hivi!" Wanawake wawili waliinamia vikombe vyao. Mwalimu alinywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja, akaaga.

Mlango ulipofungwa, mkewe alimwambia yote. Bwana Kilele alikaa, mkate bado uko kwapani, umeshabonyea.

"Na wewe umemwambia anyamaze," alisema.

"Nimemwomba."

"Unadhani nimekuwa na raha? Mara ngapi nimetoka hapa nimeapa, leo nitasema kweli, leo nitasema kweli. Nikifika kwa kinyozi wanasema, haya Bwana Kilele, tupe ile ya mawingu. Ulimi unanishinda. Mama, siku moja nilisimulia vizuri mpaka nikajisikia kama nimefika. Halafu nikakumbuka nilivyokuwa nimekaa pale chini kama gunia."

"Hukukaa kama gunia. Ulinishikia chai."

"Chai!" alisema, akainuka kwenda kuupeleka mkate jikoni.

Jumamosi chumba kilijaa: askari, wapagazi wa zamani, watoto wa shule, waandishi wawili wa magazeti. Mhifadhi mkuu alitoa hotuba ndefu. Kisha akamkaribisha mwalimu. Mwalimu alisimama, akashika karatasi yake, akaikunja tena. Akamtazama Mama Blanketi, ambaye alitikisa kichwa: hapana. Hapo Bwana Kilele akasimama kutoka mstari wa tatu. Alikuwa amevaa koti lake la kazi la zamani, amelipiga pasi mwenyewe, likawa na mstari pasipostahili.

"Mwalimu, nisamehe nikukatize," alisema. "Ndugu zangu, mnaniita Bwana Kilele. Kileleni sijafika hata siku moja."

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Akangoja wamalize.

"Nilibakiza mikono mitatu, nikaanguka, na tangu siku ile miguu yangu ilikataa. Madaftari matano yale, la nne mpaka la nane, yalipelekwa na mke wangu. Koti hili nilimvika yeye. Ripoti ni zangu, sahihi ni zangu, miguu ni yake. Mambo yote ninayowasimulia kwa kinyozi niliyasikia kwake nikimsugua miguu. Mwanamke aliyefika kwanza ni huyu hapa, na alinyamaza ili nisihamishwe tukatengana. Sasa mimi nimemaliza."

Hakumaliza, maana alibaki amesimama, hajui pa kuweka mikono. Mpagazi mmoja mzee, nyuma kabisa, alikohoa. "Mimi nilijua," alisema. "Mwaka mmoja nilileta mzigo wa mafuta, nikakuta kibanda kitupu, nikapanda kuwatafuta. Nikaona koti la askari liko juu ya mwamba, na askari mwenyewe yuko chini anakunywa chai. Nikasema, hapa kuna mmoja ambaye si yeye. Lakini mablanketi yalikuwa mikononi mwa yule mama. Ningelala na nini?"

Hapo chumba kilipasuka kwa kicheko, na katika kicheko hicho Mama Blanketi alipita katikati ya viti, akamshika mumewe mkono, akamkalisha. Mhifadhi mkuu alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. "Mzee," alisema, "kwa makosa hayo ningekufukuza kazi. Bahati yako umeshastaafu."

Mwalimu alikuja mbele na kalamu nene, tayari kulifuta jina lake ubaoni. Mama Blanketi akamdaka mkono. Wakabishana mbele ya watu kama ndugu wanaogombea kubeba ndoo.

"Hili si langu, dada."

"Ni lako. Mimi nilikuwa na mtu chini ananiita kila dakika. Wewe ulipanda na wanaume wawili wanaongoja ushindwe. Mimi sikuweka jina. Wewe uliweka."

Mwisho mhifadhi mkuu aliamua: mistari miwili. Mwanamke wa kwanza kufika, na mwanamke wa kwanza kuandika jina lake. Alipoulizwa aandikwe jina gani, lile la kwenye kitambulisho au lipi, mama yule alifikiri kidogo. Akasema lile la kwenye kitambulisho halijawahi kupanda mlima wowote. Aandikwe Mama Blanketi.

Siku ya pili Bwana Kilele hakutaka kutoka nje. Mkewe alimtoa kwa ufagio. Alirudi saa nane, amechelewa chakula, uso umeng'aa. Walikuwa wamemkalisha kiti chake wakataka hadithi mpya, ile ya kukaa chini. Akasimulia mara mbili. Jina hawakumnyang'anya, ila sasa kinyozi alilitamka akimkonyeza jicho, naye hakupepesa tena macho alipoitika.

Mwalimu alikuja kuwa mtu wa nyumba ile. Alimwita Bwana Kilele shemeji, akamsahihisha maneno, akabishana na dada yake kuhusu kigingi cha kumi na nne kimepinda kushoto au kulia. Kiangazi kilichofuata hifadhi ilianzisha mafunzo ya wanawake wapagazi waliotaka kuwa waongozaji, na mwalimu akamburuta Mama Blanketi akaseme nao. Walikuwa kumi na moja, vijana, na viatu vizuri kuliko alivyowahi kuvaa yeye. Aliwaeleza kuhusu soksi kavu, kuhusu upepo, kuhusu ufa wa katikati. Mmoja wao akauliza:

"Mama, hukuogopa?"

"Niliogopa. Mara zote tano."

"Siyo," mumewe alisema kutoka kona alikokaa. "Mara ya tatu hukuogopa. Uliimba kutoka chini mpaka juu, nilikusikia."

"Niliimba kwa sababu niliogopa. Sauti ya kujibu ilikuwa imenikauka."

Bwana Kilele alimgeukia. Alikuwa amekaa na mwanamke huyu miaka arobaini na mitatu, akamuuliza habari za jiwe, za mawingu na za mito, na hilo hakulijua. Walipotoka aliubeba mkoba wake, akatembea karibu naye kuliko kawaida.

"Na mara ya tano?" aliuliza.

"Mara ya tano nililia kidogo, nikashuka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejaribu kupanda kunifuata, mume wangu, ukaanguka. Mimi ningeishi na nani?"

Walifika sokoni, mvua ikaanza kudondoka, wakaingia chini ya kibaraza cha duka la vitambaa wakisimama bega kwa bega, na mwenye duka, aliyewafahamu, akawatolea viti viwili.